Maua Tisa kwa Mpigo

Mmea ukikataa kuchanua, watu wa De Lier, kijiji cha Uholanzi, hawausemi mmea, wanamsema mwenyewe. Na watakuambia wana haki, maana nusu ya kijiji wamelelewa na vitalu vya maua, zile nyumba za vioo, na nusu iliyobaki wameoa au kuolewa huko. Pazia hapa halifungwi mchana. Anayepita kwa baiskeli hugeuza shingo, akatazama sebuleni kwako, akajua umebadilisha makochi, akajua umekonda, akajua mmea wako dirishani una hali gani. Ukifunga pazia ndiyo umejimaliza: watauliza unaficha nini.

Dirishani kwa Hanneke palikuwa na mmea mmoja tu, ule ambao wengine huuita yungiyungi la amani na wao huuita mmea wa kijiko, kwa vile ua lake ni jani moja jeupe lililojikunja mfano wa kijiko. Uliletwa na wenzake wa zahanati, alikopokea wagonjwa kwa miaka kumi na tisa, wiki ile alipougua. Ulikuja na maua sita na kadi yenye sahihi za watu saba. Baada ya miezi miwili maua yakawa kijani, kisha kahawia. Hanneke akayakata kwa mkasi wa jikoni, na tangu hapo yakabaki majani matupu.

Ugonjwa wenyewe haukuwa wa kufungwa bandeji. Jumanne moja ya Novemba alifika kazini, akafunga baiskeli yake kwenye banda la nyuma, akakaa chini kwenye saruji, hakuinuka. Walimkuta saa nne. "Naona nimechoka," aliwaambia, na kuanzia siku hiyo hakulia, hakucheka, wala hakugombana na mtu. Moyo ulikufa ganzi. Akila, alikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yake. Binti yake Fenna, msichana wa miaka kumi na sita, alipofaulu mtihani wa hesabu uliokuwa umemtoa jasho mwaka mzima, Hanneke alisema, "Hongera, mwanangu." Alisikia sauti yake ikisema hivyo, na ndani hapakuwa na mtu wa kufurahi.

Daktari wa kazini, ambaye kila baada ya wiki sita alipaswa kupima kama amepona, alimsomea maswali kutoka kwenye kompyuta.

"Kutoka sifuri hadi kumi, leo unajisikiaje?"

"Nne."

"Mara iliyopita ulisema nne."

"Ndiyo."

"Basi tuanze na kitu kidogo cha kutunza. Una paka? Mbwa?"

"Nina mmea."

"Mmea si mbaya," akasema yule bwana, akaandika.

Ndivyo mmea ulivyokuwa kazi. Kila Alhamisi Hanneke alichota maji ya mvua kwenye pipa la uani, akayaweka ndani mpaka ubaridi umetoka, akachomeka kidole kwenye udongo, akatia maji kiasi. Kisha akafuta majani kwa kitambaa kibichi, moja moja, juu na chini. Yalikuwa arobaini na moja. Mambo mengine yote ya nyumba ile yalifanywa na mumewe Leendert na Fenna, haraka na kimyakimya, kabla hajayafikia, ili asichoke. Walimzunguka kama wanavyoizunguka meza. Lakini Alhamisi, kwa nusu saa, alikuwa na jambo lake, na mikono yake ilijua inafanya nini.

Leendert alikuwa mpuliziaji dawa kwenye kitalu kikubwa kilichokuwa kikilima mimea hiyohiyo, maelfu kwa maelfu. Mtu mpole, mrefu, mwenye kunawa mikono mpaka viwiko kabla ya kumgusa mtu.

"Utachanua?" Hanneke alimwuliza.

"Mwanga, maji kidogo, subira. Na hata hivyo sikuahidi, Hanne. Dirisha letu linatazama kaskazini."

"Kazini kwenu inachanua."

"Kazini kwetu ni kazini kwetu," akasema Leendert, akaenda kunawa.

*

Oktoba, mwaka ukikaribia kutimia, mwenye zahanati alikuja kumjulia hali. Daktari Elske alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ulikuwa na ratiba. Alikunywa kahawa, akala biskuti moja aliyopewa, kopo la biskuti likafungwa kama ada, akaingia kwenye lililomleta.

"Sanne anaishikilia nafasi yako vizuri, Hanneke. Ila ni wa muda. Mwisho wa Februari lazima nimwambie akae au aende. Sikusukumi."

"Hunisukumi."

"Ningependa tu tarehe."

Hanneke akaitafuta tarehe kichwani, hakuiona. Macho yakaangukia dirishani. "Ukichanua huu," akasema, "nitarudi."

Daktari akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaweka kikombe chini taratibu. "Haya basi. Ukichanua." Leendert alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi, na alisikia yote.

Hanneke hakuwa amepanga kusema vile. Alitaka tu mgeni anyamaze. Lakini jioni, akipanda ngazi, aligundua kwamba alimaanisha. Kama angeweza kukitoa kitu cheupe kwenye majani yale, kwa mikono yake, basi angeweza pia kukaa tena kwenye kile kiti na kuwasikiliza watu wakikohoa na kufoka. Na kama asingeweza, basi. Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilolitaka kwa mwaka mzima, na alilitaka kwa aibu, kama mtu mzima anayetamani pipi.

Siri haikai De Lier. Wiki haijaisha, muuza mikate alikuwa analijua.

"Vipi kijiko, Hanneke?"

"Bado."

"Utilie maji ya viazi. Yaliyopoa, usije ukaupika!"

Jirani yake Ria naye akaleta ya kwake. "Mama yangu alikuwa anautukana. Kila asubuhi, matusi ya nguoni. Ukaona haya, ukachanua."

"Sina nguvu za kutukana, Ria."

"Nikutukanie mimi? Ninayo akiba."

Mama mkwe, Jopie, ambaye alikuwa amestaafu kazi ya vitaluni na hakuwahi kuzoea kukaa, hakuwa na muda wa mizaha. "Tupa huo. Leendert atakuletea mwingine wenye maua, Ijumaa, umalize kazi."

"Sitaki mwingine, mama."

"Mkwe wangu, huo ni mmea tu."

"Najua, mama."

Waliokuwa wanapita kwa baiskeli walipunguza mwendo mbele ya dirisha, wakatazama, wakaenda. Hanneke aliwaona wote. Angekuwa mzima, angejificha. Sasa alikaa tu pale kitini, wakamtazama na yeye pamoja na mmea.

*

Alhamisi ya mwisho ya Januari, akifuta jani la kumi na kitu, kidole kikagusa ncha ngumu. Aliinama. Katikati ya shina palikuwa na kitu chembamba, cheupe kijani, kimejisokota, kirefu kama nusu ya kidole.

"Fenna!" aliita. "Fenna, njoo!"

Fenna alishuka ngazi mbilimbili akidhani mama ameanguka. Akamkuta amepiga magoti mbele ya dirisha, kitambaa kimelowesha zulia, uso mwekundu.

"Tazama. Hapa. Si jani hili, au ni jani? Mwanangu, si jani!"

"Si jani, mama."

"Nimelitoa," Hanneke akasema. "Nimelitoa mimi."

Fenna akamkumbatia kwa nguvu isiyo ya kawaida, kisha akasema ana kazi ya shule, akapanda juu. Leendert aliporudi akaonyeshwa. "Eh," akasema. "Limetoka." Akaenda kunawa mikono, akakaa huko muda.

Keshokutwa yake yakaonekana matatu. Baada ya wiki mbili yakawa tisa, yamesimama juu ya majani, meupe, kila moja limefunguka. Muuza mikate alitoka dukani na aproni yake kuja kuona. Ria alipiga kengele ya baiskeli kila alipopita. Hanneke alikula mkate wa pili jioni bila kuombwa, na siku moja Leendert alimkuta anasugua koti lake la kazini kwenye beseni, akiimba chinichini wimbo wa kanisani. Akamwandikia Daktari Elske mwenyewe: umechanua, nitaanza Jumatatu baada ya siku yangu ya kuzaliwa. Alisoma mara tatu kabla ya kutuma.

*

Siku ya kuzaliwa iliangukia Jumamosi. Viti vilipangwa duara sebuleni, vya kwao na vya kuazima, na kila aliyeingia aliuzunguka mduara wote akipeana mikono na kumpongeza kila jamaa, ndiyo desturi. Hongera kwa mkeo, Leendert. Hongera kwa mama yako, Fenna. Hongera kwa mkweo, Jopie. Ria alimpongeza hata muuza mikate, ambaye si ndugu wa mtu pale, kwa kuwa alikuwa amekaa njiani. Kahawa ikapita, keki ikapita, kipande kwa kila mtu. Daktari Elske alileta shada la maua ya dukani, akaona aibu kidogo kuliweka karibu na lile dirisha.

"Jumatatu saa mbili," akawatangazia wote. "Tunamsubiri kwa hamu."

Watu wakapiga makofi. Hanneke akatabasamu, na tabasamu lilikuwa lake. Aliyatazama maua, akahisi joto kifuani, akasema moyoni, mimi huyu.

Jopie alikuwa amechoka kukaa. Alichukua kikombe chake akaenda dirishani. Mpaka leo alikuwa amesikia habari za maua haya kwa simu tu, maana goti lilikuwa limemfungia nyumbani tangu mwaka mpya.

"Mangapi haya?"

"Tisa, mama," Hanneke akajibu.

"Tisa." Jopie akaweka kikombe kwenye kizingiti cha dirisha. Akavaa miwani iliyokuwa ikining'inia shingoni, akanyoosha kiganja, akapima mabua kuanzia juu ya majani. "Kimo kimoja. Hili nalo limepinda mkia. Na hili jembamba, tazama, limevutwa." Akageuka. "Leendert, ulichanganya kiasi gani? Umezidisha."

"Mama, keki yako," Leendert akasema.

"Keki haikimbii. Nakuuliza, ulipima kwa kikombe au kwa macho?"

"Mama, kaa."

"Nikae nini? Miaka thelathini na mmoja nimesimama kitaluni kwenye mkanda wa mashine nikiyapanga haya, leo unifundishe wewe niliyekuzaa? Mmea wa nyumbani hutoa ua moja. Ukipendwa sana, mawili, na la pili linakuja linajikokota. Tisa kwa mpigo ni homoni ya kuchanulisha, iliyopulizwa kwa pampu, mwanangu, tena ya mtu mwenye haraka."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi cherehani anayeona pindo la mwenzake. Muuza mikate akacheka, akadhani ni mzaha wa kitaluni. Kisha Jopie akauona uso wa mkwewe, akavua miwani.

"Nimesema nini?" akauliza.

Ria akajitutumua. "Ah, jamani! Lililochanua limechanua. Nani anataka kahawa ya pili?"

Hakuna aliyetaka.

"Leendert," Hanneke akasema. "Uliupulizia?"

"Hanne, tuna wageni."

"Uliupulizia?"

Leendert alitazama mikono yake. "Mara moja tu. Novemba."

"Siku gani?"

"Ile Alhamisi uliyokwenda kwa daktari wa kazini."

"Mimi nilimshikia baba mlango tu, mama, akiutoa nje," Fenna akasema. Hakuna aliyekuwa amemwuliza Fenna.

Kwa kitambo Hanneke hakuhisi kitu, na akafikiri ni ile ganzi imerudi. Haikuwa ganzi. Kitu kilimpanda, masikio yakawaka moto. Alikuwa hajakutana nacho siku nyingi kiasi kwamba ilimbidi akitazame kabla ya kukipa jina. Ilikuwa hasira.

"Tisa," akasema. "Ungenipa moja, Leendert. Ungenipa moja tu, ningeamini mpaka kaburini. Hata moja hukuweza?"

"Nilipunguza," akasema mumewe, na sauti ilikuwa ndogo. "Haki ya Mungu nilipunguza. Ila kipimo cha mmea mmoja sikijui. Sisi tunapima kwa meza nzima nzima za mimea."

Jopie alifungua mdomo kueleza kipimo cha mmea mmoja, akaufunga.

*

Wageni waliondoka kabla ya jibini na soseji, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Walipeana mikono, wakapongezana tena kwa mazoea, wakateremka barabarani wakiwa hawajui waongee nini mpaka wafike kwenye kona. Daktari Elske alibaki ukumbini akihangaika na zipu ya koti.

"Maua ni maua, Hanneke," akasema. "Usiliweke moyoni. Jumatatu saa mbili, Sanne atakuwa ameshaandaa..."

"Siji Jumatatu."

Zipu ikasimama. "Usiamue na hasira."

"Sijawahi kuwa na hasira mwaka na miezi mitatu, daktari. Niache niamue nayo."

"Unajua maana yake lakini. Siwezi kumweka Sanne akining'inia. Nitampa nafasi yako, na wewe utatafutiwa kwingine, au pasipatikane."

"Mpe. Ni binti mzuri, hawakati watu maneno."

"Na wewe utafanya nini?"

"Sijui," Hanneke akasema. "Niliona nimepona kwa sababu ya yale. Sasa yale si yangu. Nikija Jumatatu nitakuja kukaa kwenye kiti tu, na kufikia Jumanne mtanikuta bandani. Sitaki kukutwa tena. Sijapona. Kila mara nikikuambia naendelea vizuri nilikuwa nakudanganya, kwa kuwa ulikuwa mwema na ulikuwa na haraka."

Daktari alikuwa amezoea kuwaambia watu habari mbaya, hakuwa amezoea kuambiwa. Alivaa glavu zake, akazivua, akazivaa tena. "Asante kwa kuniambia," akasema mwishowe, kisha kwa mazoea, "Siku njema ya kuzaliwa," akatoka. Hanneke alifunga mlango, akarudi sebuleni.

Leendert alikuwa sebuleni katikati ya viti vitupu. Jopie alikuwa amekimbilia jikoni, na walimsikia anavyofungua na kufunga makabati bila sababu. Fenna alikuwa ameketi ngazi ya juu kabisa, magoti kidevuni, wakidhani hayupo.

"Umeipoteza kazi," Leendert akasema. "Miaka kumi na tisa, Hanne. Kwa ajili ya maua."

"Nimeipoteza. Nani kaipoteza?"

"Wewe."

"Mimi. Si wewe, si mama yako, si daktari. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimesimama pale mlangoni nikaipoteza. Usiniambie ni kwa ajili ya maua."

"Niliogopa," Leendert akasema. Na sasa akalia, mtu mzima yule, bila kujifunika. "Unadhani ni rahisi? Narudi nakukuta pale pale kitini nilipokuacha. Nakuuliza unataka kula nini, unasema chochote. Nakuuliza twende pwani, unasema ukitaka. Nilikuwa naishi na chochote na ukitaka. Halafu nikasikia unataka kitu. Kitu kimoja! Na mimi ninacho, kipo kazini, ndani ya dumu, nakitia kila siku kwa mimea isiyonihusu. Ningeacha kukupa?"

"Ndiyo."

"Na kama usingechanua?"

"Usingechanua! Ningekuwa nimeshindwa mimi, na mmea wangu, kwenye dirisha langu. Wewe umenichukulia hata kushindwa."

Alikuwa anapaza sauti. Ria, aliyekuwa anafungua baiskeli yake nje, alitazama dirishani kama ada, akaona, kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake pale mtaani, akageuza uso. Hanneke alimwona na hakujali. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Basi niyatoe?" Leendert akauliza. "Niutupe, nikuletee mche mdogo, uanze upya?"

"Usiuguse. Umeshaugusa vya kutosha."

"Unataka nini, mke wangu? Sema. Sitafanya lolote mpaka useme."

Hanneke alifikiri. Safari hii hakulazimika kutafuta mbali.

"Nataka kukukasirikia," akasema. "Leo, na kesho, na labda wiki ijayo yote. Na usiniombe radhi katikati, na usinyanyuke kwenda kunawa mikono."

Leendert akavuta kiti kimoja kutoka kwenye duara, akakigeuza, akaketi mbele yake, mikono juu ya magoti. Hanneke akavuta pumzi, akaanza.